Ardhi Ianzie Hapa

Mwenye mkasi na subira anaweza kujadiliana na mti juu ya mambo mengi. Tawi likielekea pabaya, hulikata. Shina likiwa bado jepesi, hulizungushia waya na kulipinda. Kimo kikizidi, hukipunguza, na majani yakiwa mapana mno kwa mti mdogo, yapo maarifa ya kuyafanya yachipue madogo. Jambo moja tu huonekana halina mjadala, nalo ni mahali mti unapoingia ardhini. Hapo paliamuliwa na mbegu ilipoangukia, au na mkono uliopanda mche, na yote yaliyofuata yamejengwa juu ya uamuzi huo: unene wa shina, mkao wa mizizi, umbali kutoka udongoni hadi tawi la kwanza.

Watunza bonsai wa Japani wana ufundi unaokataa hata hilo. Wanauita toriki. Fundi huchagua sehemu ya shina au ya tawi, huko juu hewani, huondoa gome kwa kulizunguka, hufunika jeraha kwa kuvumwani iliyolowa na karatasi ya plastiki, kisha hungoja. Mizizi huota palepale. Ikikomaa, hukata chini yake, na kilichokuwa tawi hushushwa chunguni kikiwa mti kamili. Ukielezwa hivyo kwa ufupi unaweza kudhani ni mbinu ya kuzalisha miche tu, ndugu yake kupanda pingili za muhogo. Ndivyo vitabu vingi vya kilimo vinavyoiweka, kwenye orodha, baada ya mbegu, vipando na kubebesha. Nadhani vinaipunja. Mkulima wa matunda anayeotesha mizizi tawini anataka mti wa pili ulio sawa na wa kwanza. Fundi wa bonsai mara nyingi ana miti ya kutosha. Anachotaka ni kuiamulia ardhi mahali pa kuanzia.

Ili kuona uzito wa jambo hilo inafaa kujua bonsai hutazamwaje. Kila mwaka, mwezi wa Februari, katika jumba la sanaa lililoko Ueno jijini Tokyo, hufanyika Kokufu-ten, maonyesho ya bonsai yanayoheshimiwa kuliko yote nchini Japani, ambayo yalianza mwaka 1934. Mtazamaji aliyefundwa haanzi na majani wala kilele. Huinama kidogo mpaka macho yafike usawa wa udongo, akatazama kwanza mizizi inavyotoka shinani na kutambaa pande zote kabla ya kuzama. Sehemu hiyo huitwa nebari. Mti wa nusu mita hauwezi kumshawishi mtu kwamba umeishi miaka mia ikiwa umesimama chunguni kama mwiko uliochomekwa kwenye ugali. Nebari nzuri ndiyo inayoupa mti uzito, ndiyo inayofanya jicho liamini kwamba hapa pamepita dhoruba nyingi na mti haukutikisika. Baada ya hapo macho hupanda na shina kuona kama linapungua unene taratibu, yakaenda kwenye matawi, na mwisho ndipo kilele.

Shida ni kwamba asili haina haja ya kuifanya nebari ipendeze. Mbegu huteremsha mzizi mmoja mkuu, na mingine hufuata kokote kwenye maji na nafasi. Mti ulioota ubavuni mwa jiwe huwa na mizizi upande mmoja na upara upande wa pili. Tena iko miti iliyoharibiwa na mkono wa binadamu kwa nia njema kabisa. Momiji, mti wa Japani unaojulikana kwa majani yake yenye ncha tano au saba yanayowaka mekundu kabla ya kupukutika, una aina mamia zilizochaguliwa na wakulima wa bustani. Iko Deshojo, ambayo majani yake ni mekundu tangu yanapochipua. Iko Kiyohime, ya majani madogo na matawi yaliyosongamana. Ukipanda mbegu zake, watoto hawatafanana na mzazi. Kwa hiyo wenye vitalu huzibebesha juu ya shina la momiji wa kawaida, na mahali pa kubebesha hubaki uvimbe usiofutika, gome la chini likiwa na sura moja na la juu sura nyingine. Kwenye bustani ya kawaida uvimbe huo si kitu. Kwa bonsai ni kasoro iliyokaa mahali ambapo kila mtu hutazama kwanza.

Toriki humaliza ugomvi huo kwa kisu. Pete hukatwa juu kidogo ya uvimbe, na kwa kuwa gome limeondolewa kwa duara, mizizi nayo hutoka kwa duara, yote usawa mmoja. Mpangilio ambao mti wa porini huupata kwa bahati, mmoja kati ya mia, hapa hupatikana kwa kuwa ukingo wa jeraha ulikatwa ukiwa mviringo.

Lakini sehemu ninayoistahi kuliko zote hutangulia kisu. Fikiria shamba la momiji walioachwa wakue wapendavyo kwa miaka kumi au kumi na mitano ili mashina yanenepe, wamefika mita tatu na zaidi. Mpita njia ataona miti isiyo na adabu. Fundi hupita katikati yake polepole akitazama juu. Usawa wa kifua chake shina limegawanyika, moja nene na moja jembamba, na lile nene limejipinda kidogo kuelekea kushoto kabla ya kugawanyika tena. Anainua kiganja mbele ya jicho na kuficha kila kilicho chini ya mgawanyiko. Juu ya kiganja kuna mti mzima wa sentimita arobaini, wenye mashina mawili, mkubwa na mdogo wake. Ulikuwa umesimama hapo miaka yote hiyo, ila haukuwa na ardhi.

Sasa aamue, na kosa la sentimita mbili litaonekana maisha yote ya mti. Pete ikiwa juu mno, mashina mawili yatatoka udongoni kila moja kivyake, na pacha watakuwa majirani. Ikiwa chini mno, mti utasimama juu ya shingo. Pia akumbuke kwamba mahali pa pete ndipo patakapokuwa panene zaidi siku za mbele, kwa sababu mizizi inayonenepa huvuta shina litanuke pamoja nayo. Na pete si lazima ikatwe kwa usawa. Ikikatwa kwa mshazari, shina lililokuwa limeinama litasimama wima likishapandwa, au lililokuwa wima litainama kana kwamba limeota kwenye mteremko wa mlima. Kwa hiyo fundi haiinui ardhi tu. Anaweza pia kuilaza ubavu. Mwingine akikata bila kufikiri pembe hiyo, atatumia miaka akipinda kwa waya kile ambacho kisu kingekinyoosha kwa dakika moja.

Ufundi wenyewe ni wa kale na haukuzaliwa Japani peke yake. Mrumi Cato, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anaeleza namna ya kutoboa tundu chini ya chungu au kikapu, kupitisha tawi ndani, kujaza udongo na kuushindilia, kisha kuviacha mtini hadi tawi litoe mizizi. Mwaka wa pili likatwe chini ya chungu na kupandwa. Kusini mwa China wakulima wa mlichi wamezalisha miti yao kwa njia ya namna hiyo kwa karne nyingi, kwa kuwa mlichi wa mbegu huchelewa kuzaa na matunda yake hayatabiriki. Wote hao walikuwa na adui mmoja, ukavu. Udongo unaoning'inia hewani hukauka haraka, na mtu alilazimika kuumwagilia kila mara. Kilichobadilisha mambo ni polithini, iliyogunduliwa kwenye maabara huko Uingereza mwaka 1933 na kuenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili. Karatasi hiyo nyembamba huzuia maji yasiondoke lakini huruhusu hewa ipite kiasi cha kuiwezesha mizizi kupumua. Katika nchi zetu, ambako mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, nami nikiunga mkono, hapa pekee ndipo ninapoisema vizuri.

Jeraha lenyewe lina sayansi yake, na kwa wanaopenda kujua mti unafanya nini gizani, hapa ndipo penye utamu.

Ndani ya shina kuna njia mbili. Gome la ndani huteremsha sukari iliyopikwa na majani, ikaenda kuilisha mizizi. Mbao changa, chini ya gome hilo, hupandisha maji. Kati ya njia hizo mbili kuna utando mwembamba wa rangi ya kijani hafifu, unaoteleza ukiugusa. Wanabotania huuita kambiamu, na kazi yake ni kuzaa gome upande wa nje na mbao upande wa ndani. Katika karne ya 17 Mwitalia Marcello Malpighi, daktari wa Bologna, alichuna pete za gome kwenye miti akaona kwamba uvimbe hutokea juu ya pete, si chini yake. Kitu fulani kilikuwa kinashuka na kukwama.

Toriki inaishi katika tofauti hiyo ya milimita chache. Gome likiondolewa na mbao zikaachwa, maji huendelea kupanda kama jana. Majani hayana habari. Yanapika, yanateremsha, na mzigo unafika penye pete na kukuta daraja limevunjwa. Pamoja na sukari hushuka auksini, homoni itokayo kwenye vichipukizi na majani machanga, nayo hurundikana hapohapo. Seli za ukingo wa juu huvimba na kutengeneza kovu jeupe, na ndani yake, kwa wingi huo wa chakula na homoni, baadhi huacha ujana wa tawi na kuanza maisha ya mzizi. Auksini ilifahamika vizuri miaka ya 1930, na haukupita muda mrefu ikajulikana kuwa inahimiza mizizi. Ndiyo asili ya ule unga unaouzwa leo kwenye maduka ya pembejeo. Mafundi walikuwa wamekwisha kuifanyia kazi kwa karne nyingi bila kuijua jina.

Mkono nao una sayansi yake. Kisu kiwe kikali, maana ukingo uliochanika hutoa mizizi ya kuchanika. Hukatwa pete mbili. Ya chini ikikatwa ovyo hakuna hasara, lakini ya juu ndiyo nebari ya kesho, na hukatwa mara moja, safi, bila kurudia. Upana kati ya pete hizo uwe walau sawa na unene wa tawi, na wengi hufikia mara moja na nusu au hata mara mbili. Mwanafunzi huona upana huo kuwa ukatili, akakata kamba nyembamba ya gome, na baada ya wiki chache akifungua hukuta mti umejenga daraja jipya juu ya pengo na kuendelea na maisha yake. Mti hupenda kupona, na katika kazi hii kupona ndiko kunakoiharibu. Ndiyo sababu baada ya kuchuna, fundi hukwangua. Ule utando unaoteleza hauna budi kuondoka wote, hadi mbao zibaki kavu na nyeupe. Ukibaki uzi mmoja, huo unatosha kuunganisha juu na chini.

Hata hivyo kukwangua kuna kipimo chake, na kipimo hutofautiana kwa kila mti. Momiji hupitisha maji katika pete nyingi za mbao zake, kwa hiyo humsamehe mwenye mkono mzito. Keyaki, ule mti ambao Wajapani huufanya bonsai ya kusimama wima na matawi yaliyofunguka juu kama kipepeo kikubwa cha kupepea, hupitisha karibu maji yote katika pete ya nje kabisa, ile ya mwaka huu. Ukizamisha kisu kidogo tu zaidi ya gome, umelifunga bomba. Juma halijaisha, majani yameinama.

Nikiwaza juu ya mkwaruzo huo hukumbuka mafundi wa lubugo, nguo ya gome la mti, wa Buganda. Kazi yao, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu na ambayo kwa desturi ni ya ukoo wa Ngonge, huanza kwa jeraha kubwa kuliko lolote la bonsai. Wakati wa mvua huchuna gome la ndani la mti wa mutuba kwa kulizunguka shina zima, kutoka karibu na ardhi hadi matawi yanapoanzia, wakaenda kulipiga kwa nyundo za mbao hadi liwe nguo. Shina lililobaki uchi hulifunga kwa majani ya migomba. Ukipita hapo ukiwa hujui, utaona picha ileile ya toriki: mti uliochunwa na jeraha lake kufungwa. Lakini mutuba hautoi mizizi. Hurudisha gome, na mwaka unaofuata huchunwa tena. Mafundi wa Buganda hubandua kwa uangalifu mkubwa ili utando unaoteleza ubaki shinani, na majani ya mgomba huulinda usikauke. Mjapani huukwangua utando huohuo hadi uishe. Wa kwanza anaomba mti ujirudie, wa pili anaomba uondoke, na mti huwatii wote wawili kulingana na kiasi cha ute kilichoachwa. Tena mutuba, ambao jina lake la kitaalamu ni Ficus natalensis, ni miongoni mwa miti inayopendwa na watunza bonsai wa Afrika Kusini, na ukiukwangua sawasawa hutoa mizizi hewani bila ubishi.

Kufunga jeraha ni kazi ya dakika chache lakini ina masharti. Kuvumwani kavu, ile ya aina ya sfagnamu inayonyonya maji mengi kupita uzito wake, hulowekwa, kisha hukamuliwa kwa mikono miwili hadi isitoe tone. Wanaoanza huiacha imejaa maji wakidhani wanauhurumia mti, na jeraha huoza. Huzungushwa kwa kubana juu ya ukingo wa juu, hufungwa kwa plastiki, kamba ya chini ikazwe, ya juu ilegezwe kidogo ili mvua ipenye. Japani kazi hii hufanywa mwezi wa Mei na Juni, majani mapya yakishakomaa na kabla au wakati wa mvua za mwanzo wa kiangazi. Nje ya plastiki huwekwa foili au kitambaa cheusi kuzuia jua, ambalo hupika mizizi ndani ya mfuko. Foili ina kasoro yake: inang'aa, na ndege hupenda kuichokoa.

Huku kwetu, kusikokuwa na majira ya baridi kali, mtu anaweza kuanza msimu wowote wa mvua. Wenye vitalu vya matunda hutumia njia hii kwa mindimu na mikomamanga bila kuiita jina lolote la Kijapani, na jamii ya mikuyu hutoa mizizi upesi sana hivi kwamba haifai kumfundishia mtu subira.

Subira hufundishwa na momiji, na zaidi na msonobari. Momiji huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili. Mreteni huweza kukaa msimu mzima na zaidi. Msonobari unaweza kukaa mwaka, pengine miwili, na mwisho ukakuta kovu kubwa lililofura pande zote lisilo na mzizi hata mmoja. Ugumu wa kungoja huku ni kwamba hakuna cha kutazama. Mbegu ikiota utaiona. Kipando kikifa kitanyauka. Tawi lililofungwa hubaki na kijani kilekile, likifaulu au likishindwa, maana maji bado yanapanda kutoka kwa mama. Mizizi ya kwanza ikionekana nyuma ya plastiki huwa myeupe, minene, isiyo na matawi, na huvunjika kwa kuguswa tu. Wengi hukata siku hiyo kwa furaha na kuupoteza mti wiki inayofuata, kwa sababu mizizi michache myeupe haiwezi kuyanywesha majani yote yaliyozoea kunyweshwa na mti wa mita tatu. Aliyekwisha kuzoea huifunika tena foili na kwenda kufanya mengine, hadi mizizi igeuke rangi ya kahawia na kugawanyika mara mbili tatu.

Siku ya kukata yenyewe haina sherehe. Msumeno hupita chini ya mizizi. Kuvumwani haiondolewi, maana mizizi imeshikamana nayo, na kuivuta ni kuikata. Mti mpya hupandwa nayo, kisha hufungwa kwa waya uliopitishwa kwenye matundu ya chungu, kwa kuwa mtikisiko mdogo wa upepo unatosha kuvunja kile kilichongojewa miezi. Huwekwa kivulini. Mwaka mmoja au miwili baadaye, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, hufunguliwa, na ndipo kazi ya nebari inapoanza kweli: mizizi inayoteremka hukatwa, inayopishana huachanishwa, iliyolala kwa usawa huelekezwa nje kama ilivyoota. Wengine huweka kigae bapa chini ya shina ili mzizi usipate njia ya kushuka. Palipo na pengo hukwanguliwa upya, hupakwa homoni, na kufunikwa. Kazi hiyo huendelea miaka kumi, na hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Mti mama nao unadai hesabu yake. Pete ikiwa kwenye shina kuu na chini yake hakuna jani, mizizi ya zamani haipati chakula chochote muda wote wa kungoja. Huishi kwa akiba. Momiji akiwa na akiba ya kutosha huchipua kwenye gome la zamani baada ya kukatwa, msonobari usio na kijani chini ya pete hufa. Anayejua haya huacha tawi moja chini, hata kama ni baya, limlishe mama. Na si mara moja kisiki kilichoachwa nyuma kimekuwa mti bora kuliko ule uliotolewa: kifupi, kinene chini, kilele kipya kikiwa chembamba, upungufu wa unene ambao wengine huutafuta kwa miongo.

Hapo pana jambo ninalolisifu kwa dhati. Historia ya bonsai ina kurasa zake za uporaji. Mwanzoni mwa karne iliyopita watu walining'inia kwa kamba kwenye majabali ya Itoigawa, pwani ya magharibi ya Japani, wakichomoa shimpaku, ile mireteni mikongwe iliyosokotwa na theluji, mpaka majabali yakawa karibu matupu. Mti uliong'olewa jabalini huacha tundu. Toriki humwachia mwenye mti mti wake. Unaweza kuomba tawi moja la mkomamanga wa jirani, ukalifunga mvua zikianza, ukalichukua mvua zikiisha, na jirani akaendelea kuchuma makomamanga.

Watunza bonsai wenyewe wamewahi kuchagua ardhi upya. Tetemeko la Septemba 1923 lilipoibomoa Tokyo, baadhi ya wenye vitalu wa jiji hilo walitafuta mahali penye udongo, maji na hewa safi, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao Omiya, kaskazini mwa jiji. Sheria walizojiwekea zinanifurahisha: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua kumi, lango liwe wazi kwa wageni, nyumba isiwe ya ghorofa, na uzio uwe wa miti. Kijiji kipo hadi leo, na tangu mwaka 2010 kina makumbusho yake ya bonsai.

Limebaki swali ambalo hugawa mabaraza ya wapenzi wa miti hii. Bonsai ya toriki ina umri gani? Mbao zake zina pete ishirini, mizizi yake haijatimiza mwaka. Muuzaji hutaja ishirini. Mkosoaji mkali hutaja mwaka mmoja. Mimi niko na muuzaji, lakini kwa sababu tofauti na yake: gome lililopasuka na mashina yaliyogawanyika ni miaka ya kweli, ambayo mti huu na si mwingine umeiishi, nayo haikupotea kwa kuhamishwa. Ila ukitaka kununua mti wa namna hiyo, achana na umri. Uliza mizizi ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na upande gani ulikuwa na pengo. Aliyeufanya kwa mkono wake atajibu kabla hujamaliza kuuliza, na pengine hatanyamaza tena hadi jioni.